Watu Kumi na Saba Aliowapisha Mama Namba

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Namba, na hata mumewe, fundi wa majokofu, akimtafuta kwa majirani aliuliza, "Mama Namba yuko huku?" Jina hilo lilitoka zahanati, alikokaa mapokezi kwa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi kabla ya saa moja alifungua kidirisha chake cha wavu, akatoa kopo la vibao vya plastiki vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu, moja hadi themanini, akaanza kugawa. Ukishapewa kibao ukakaa kwenye benchi, basi hata aje nani, zamu yako ni yako.

Nasema hata aje nani kwa sababu nimeona kwa macho yangu. Nilimwona akimrudisha benchi mwalimu mkuu aliyewafundisha wanawe wote wawili. "Mwalimu, hii uliyoshika ni hamsini na mbili. Wewe ndiye uliyetufundishia watoto kuhesabu." Siku nyingine kuna mwanamke aliyechukua kibao, akaacha kandambili moja kwenye benchi imshikie nafasi, akaenda zake sokoni. Namba yake ilipofika, Mama Namba aliinyanyua ile kandambili kwa vidole viwili, akaingia nayo kwa daktari, akaiweka juu ya meza. "Mgonjwa ndiye huyu, daktari. Mguu wa pili uko sokoni." Zahanati nzima ilicheka, mpaka aliyekuwa amekuja kung'oa jino.

Alivijua visingizio vyote. Kuna "mimi siumwi, nauliza tu." Kuna "nilikuwepo, nilitoka kidogo kupokea simu." Kuna "niko pamoja na yule pale." Mahututi na wenye vichanga aliwapitisha mwenyewe bila kuombwa. Kwa wengine waliobaki hakuwa na simile.

Mimi ni mtu wa mikate. Ninasambaza madukani kwa kigari changu cha mzigo, na nyumba yangu ni mlango wa tatu kutoka kwao. Ndiyo maana haya ninayajua, na siku ile ya uwanja wa ndege nilikuwepo, maana ni mimi niliyewapeleka.

Lakini huwezi kuielewa siku ile bila kujua ya mwanawe wa kwanza.

Huyo aliondoka miaka kumi na moja kabla, kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha matairi, mbali. Alisema miaka miwili. Uwanja wa ndege wetu una mlango mmoja wa wasafiri, na wasindikizaji hawaingii. Mnasimama na mtu wenu kwenye foleni hapo nje, ubavuni mwa ukuta, mpaka mlangoni, basi. Walikuwa wamebakiza watu wachache wafike mlangoni, akatokea bwana mmoja mwenye mkoba wa ngozi, akajipenyeza mbele yao kama sindano kwenye kitambaa. Mama Namba akaukamata mkoba kwa mkanda. Yule bwana akafoka, naye akamfokea. Mlinzi akaitwa. Ikachukua muda, lakini yule bwana akarudishwa mkiani na watu wakapiga makofi. Mama Namba akageuka, uso unameremeta, amwambie mwanawe, "Umeona?"

Mwanawe alikuwa ameshaingia. Foleni ilikuwa imesogea, mlinzi amemwita, na nyuma ya mlango ule hakuna kurudi. Baba yake anasema kijana aliita "Mama!" mara mbili, na mara zote mbili mama yake alijibu, "Subiri!" bila kugeuka. Alichowahi kukiona ni mgongo tu: koti la kahawia, na sanduku lenye gurudumu moja linalolia.

Miaka miwili ikawa minne, minne ikawa kumi na moja. Mambo ya karatasi zake huko hayakukaa sawa. Akitoka, hawezi kurudi kazini, na ana watoto watatu ambao bibi yao anawajua kwa picha. Mama Namba mwenyewe aliniambia siku moja akiwa anachambua mchele barazani, nimempelekea mkate.

"Nilimwambia subiri, bwana mikate. Mtoto ananiita aniage, mimi namwambia subiri. Kwa ajili ya mtu na mkoba wake."

"Ulikuwa na haki, mama."

"Haki nilikuwa nayo," akasema. "Mtoto ndiye sikuwa naye."

Alibaki na kitinda mimba wake, binti. Huyu alikua pale pale nyumbani, akamaliza shule, akafanya kazi duka la dawa, na jioni walikaa na mama yake wanakunja nguo na kuwasengenya wagonjwa bila kuwataja. Walikuwa wanafanana mpaka kikohozi. Alipotimiza miaka ishirini na minne akapata barua. Ilikuwa kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wazee, nchi ya mbali, mkataba wa miaka mitatu. Mama Namba aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Akasema, "Hongera, mwanangu." Kisha akaingia ndani, akatoa mashuka yaliyofuliwa jana yake, akayafua upya.

Miezi ya maandalizi ilipita haraka. Sanduku lilipojaa hawakuwa na mizani ya kulipimia, basi Mama Namba akaja nalo zahanati saa ya mapumziko ya mchana, likapanda mizani ya wagonjwa. Muuguzi akasoma: kilo ishirini na tano. "Mgonjwa wako amenenepa," akasema. "Apunguze mbili." Wakatoa mablanketi, wakatoa chupa ya mafuta, na Mama Namba akarudisha kisirisiri jozi mbili za soksi nene alizozifuma mwenyewe.

Siku ya safari niliacha mzunguko wa pili wa mikate nikawachukua. Kigari changu mbele kina nafasi ya watu watatu wenye subira. Fundi akakubali kukaa nyuma na sanduku, katikati ya makreti. Binti akakaa kati, mama yake dirishani, amemshika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Ndani kote kulinukia mkate wa asubuhi.

Tulipokaribia, Mama Namba akatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Leo sigombani na mtu. Mnisikie. Hata wapite na ng'ombe, sitafungua mdomo."

Fundi akacheka huko kwenye makreti. "Haya. Tutaona."

"Mtaona."

Tulifika saa nne na robo asubuhi. Ndege ilikuwa ya saa nane na nusu mchana. Mlangoni alisimama mlinzi akiangalia pasipoti na tiketi, na nyuma yake kulikuwa na mashine mbili za kukagua mizigo, moja imebandikwa karatasi kwamba ni mbovu. Foleni ilianzia pale, ikafuata ukuta chini ya bati, ikaishia karibu na teksi. Mama Namba aliitupia jicho mara moja. "Tisini na wachache," akasema. Nilihesabu kwa kujifurahisha. Walikuwa tisini na wanne.

Nusu saa haijapita, akaja kijana wa suti, simu sikioni, anasema, "Niko ndani tayari, niko ndani kabisa," na huku anasema hivyo akaingiza bega mbele ya toroli letu, halafu mguu, halafu suti yote. Fundi alimtazama mkewe. Mimi nikatazama angani. Mama Namba akarekebisha mtandio wake, akameza kitu, akasema, "Suti nzuri."

Basi. Hakuongeza.

Baada yake wakaja baba na mama na watoto wawili, na masanduku kama wanahama. "Tuko pamoja na yule mwenye kofia," baba akasema. Mwenye kofia, aliyekuwa mbele yetu, akageuka akawaangalia juu mpaka chini, akasema hajawahi kuwaona maishani mwake. Tukasubiri radi. Mama Namba akavuta toroli nyuma hatua moja.

"Piteni. Watoto wamechoka."

Binti akamwinamia. "Mama, unaumwa?"

"Mzima wa afya."

Lakini aliyekuwa nyuma yetu, bwana mmoja aliyekuwa anasafiri na mkewe na mama mkwe wake, hakuvumilia. Na kwa kweli alikuwa na haki. "Dada yangu," akasema, "ukigawa nafasi, unagawa na zetu sisi."

Mama Namba akafikiri kidogo. "Umesema kweli. Basi piteni ninyi, msije mkaumia kwa ajili yangu." Akawapisha, wote watatu.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Hakuwa na uso wa mtu anayevumilia tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe anarudi. Kila foleni iliposogea, watu wote walisukuma mizigo yao kwa furaha, isipokuwa yeye. Yeye alisogea kama anayevutwa.

Walikuwa wanazungumza, mama na binti. Si maneno makubwa. Nani atamwagilia miche ya mchicha. Yule paka asiye wa mtu, apewe chakula au asizoeshwe. Kisha binti akawa anakuna lebo ya sanduku kwa kucha.

"Mama, kuna kitu sijakuambia. Ninaogopa."

"Ndege?"

"Ndege siogopi. Kuwaogesha. Wamesema kila asubuhi nitaogesha wazee wanne. Watu wazima, mama. Siwajui, hawanijui. Nitaanzia wapi?"

Mama Namba alikuwa amemuogesha mama yake mwenyewe mwaka mzima kabla hajafariki, kwenye chumba cha nyuma, na binti huyu ndiye aliyekuwa anabeba maji mpaka mlangoni bila kuingia. Akalilaza sanduku juu ya toroli, akaweka kiganja chake juu yake.

"Unaanzia mikononi. Usianzie usoni, uso ni wa mwenyewe, mpaka akuzoee. Unamshika mkono hivi, unamwambia, nimekuja, maji ni ya moto kiasi. Hata kama lugha hamuelewani, mwambie. Unaosha vidole kimoja kimoja, usiharakishe. Mtu akiona umeviheshimu vidole vyake, atakuachia mgongo. Na kila unapomaliza, pamefunikwa. Usimwache wazi hata sehemu moja kwa sababu ya kufuata kitambaa. Kitambaa kiwe begani kwako kabla hujaanza."

Alikuwa anapitisha mkono juu ya sanduku polepole, toka pembe mpaka pembe, na binti anafuata kwa macho. Mwenye kofia naye alikuwa amegeuka anasikiliza, na wala hakujificha.

"Na akilia?" binti akauliza.

"Mwache alie. Wewe endelea kumkausha."

Sijui kama Mama Namba aliwaza nililowaza mimi, kwamba somo hili angepewa binti akae nalo, kwa ajili ya mikono ya mama yake itakapofika zamu yake, na sasa linasafirishwa kwa mama wa watu. Alilisimamisha tena sanduku, akampangusa binti kitu shavuni ambacho hakikuwepo.

Ndipo ikaja timu ya mpira wa wavu, wasichana kumi na mmoja wenye nguo za michezo za rangi moja, wamekatika katikati, wengine mbele yetu, wengine nyuma. Mwalimu wao, ambaye tayari alikuwa mbele, akauliza kwa adabu kama wa nyuma wangeweza kuungana na wenzao. Wa nyuma walikuwa tisa. Mbele kulikuwa na mwalimu na wawili tu. Ombi gani hilo! Nyuma yetu wakati huo hakukuwa na mtu isipokuwa wao, kwa hiyo wa kuumia tulikuwa sisi peke yetu. Mama Namba hata hakumuacha mwalimu amalize.

"Wapite, wapite wote. Timu haigawanywi."

Dakika chache baadaye ile mashine moja iliyokuwa nzima nayo ikazima. Foleni ikasimama karibu saa moja. Watu walilalamika, wakapigiana simu, wakakaa juu ya masanduku. Fundi alitaka kuingia akaitazame, mlinzi akamkatalia. Mama Namba alitandika mtandio kwenye ngazi, akakaa na binti yake, wakala mkate nilioutoa garini, wanaumega na kupeana. Binti alilaza kichwa begani kwa mama yake akasinzia. Yule mama hakusogea hata kufukuza nzi. Nimemjua miaka mingi. Sijapata kumwona ametulia namna ile.

Mashine ikawaka saa saba kasoro. Saa saba na dakika kumi kipaza sauti kikatoa tangazo: abiria wa ndege ya saa nane na nusu ambao bado hawajakabidhi mizigo wafike kaunta mara moja, kaunta inafungwa saa saba na nusu.

Mbele yetu kulikuwa na watu thelathini na kitu.

Binti alishtuka akasimama. Fundi akamgeukia mkewe. Yeye ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyasema taratibu.

"Umewapisha watu wangapi?"

"Kumi na saba," akajibu. Bila shaka alikuwa amewahesabu.

"Kumi na saba, mama?" Binti alishika kichwa. "Kwa nini?"

Mama Namba alitazama viatu vyake. "Kila aliyepita alikuwa ananiachia wewe dakika mbili."

Binti alifungua mdomo amkemee, ikatoka sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Fundi akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

"Mama watoto," akasema, "nisikilize. Tukisimama hapa hapa tulipo, ndege itaondoka. Hatutakuwa tumemkataza. Foleni itakuwa imemkataza. Kama ndivyo unavyotaka, sitakulaumu, na hata mtaani sitasema. Lakini uamue sasa."

Niliona yale maneno yanavyomwingia. Aliangalia mlango, akaangalia barabara tuliyojia, na kigari changu kule kwenye maegesho na mlango wake wa nyuma uliobonyea. Ilikuwa rahisi mno. Asingefanya kitu chochote. Jioni wangekuwa nyumbani wanakunja nguo.

Binti alimwachia mama yake, na nadhani angekubali lolote ambalo lingetoka.

Mama Namba akashika mpini wa toroli, akageuza magurudumu, akatoka nje ya foleni.

"Nifuate," akasema.

Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele kabisa. Wa kwanza mlangoni alikuwa mwanamke mfanyabiashara, mnene, na boksi kubwa lililofungwa kwa kamba, ameegemea juu yake kama anayelinda ngome. Alimwona Mama Namba anavyokuja na toroli akanyoosha mkono.

"Foleni iko kule, mama. Mimi niko hapa tangu saa tatu."

"Najua," Mama Namba akasema. Sauti yake ilitetemeka. Nilisikia, na watu wa mbele wote walisikia. "Foleni ni foleni. Nimelisema neno hilo miaka ishirini na sita kazini kwangu na sijawahi kumpitisha mtu kwa kisingizio. Na leo sina kisingizio. Hatukuchelewa kuja. Huyu ni binti yangu, nimemchelewesha mimi mwenyewe. Niliwaachia watu wapite ili akae nami kidogo. Sasa kaunta inafungwa. Ninakuomba."

Mfanyabiashara akamtazama, akamtazama binti, akatazama soksi za mama, zenye nakshi ile ile ya soksi alizovaa binti.

"Anakwenda kwa muda gani?"

"Miaka mitatu."

Mwanamke yule akavuta pumzi, akalisukuma boksi lake pembeni kwa mguu. "Pita, mwanangu. Pita kabla sijabadili mawazo."

Nyuma yake mmoja akaguna kwamba kila mtu hapa ana mama. Mwingine akasema mtindo huu ndio unaoharibu mambo. Mama Namba akawageukia hao waliolalamika, akawaomba radhi mmoja mmoja, kwa macho, bila kuruka mtu. Yule wa pili akaishia kumsaidia kunyanyua sanduku.

Mlinzi alichukua pasipoti. Muda aliotumia kuifungua, kuisoma na kuirudisha ndio muda waliokuwa nao. Fundi alimpa binti mkono, kama wanaume wanavyopeana, halafu akamvuta akamgusisha paji la uso na lake. Mama Namba alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Nilidhani atasema jambo zito.

"Soksi nene ziko juu?"

"Ziko juu, mama."

"Haya. Nenda."

Binti akaingia. Alipofika kwenye mashine akageuka, nina hakika, ila mlango ule ni wa kioo cheusi, ukifungwa unajiona mwenyewe. Mama Namba alipunga mkono kwenye kile kioo, na aliyempungia kutoka ndani yake alikuwa mwanamke mwenye mtandio uliochafuka kwa vumbi la ngazi. Alimpungia muda mrefu.

Hatukuondoka. Tulisimama kwenye uzio wa maegesho mpaka simu ya fundi ikalia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Nimeingia kwenye ndege. Mimi ndiye wa mwisho. Mama ulikuwa unampungia mlinzi." Fundi akausoma kwa sauti. Mama Namba akacheka mpaka akashika uzio, na kucheka kwenyewe kukageuka katikati, na mumewe akamshikia mtandio.

Wakati wa kurudi fundi alikaa mbele. Makreti nyuma yaligongana njia nzima.

Wiki zile za kwanza zilimtesa. Fundi aliniambia kwamba asubuhi mkewe hugonga mlango wa bafu na kusema, "Hujamaliza tu?" kama alivyozoea kumwambia binti kila siku, na mwenyewe ndiye aliyeuacha umefungwa. Mchicha ulimwagiliwa mpaka ukaoza. Yule paka akahamia ndani. Kuhusu kazini, habari za uwanja wa ndege zilisambaa, na kuna watu waliodhani kwamba sasa amelainika. Mmoja alifika dirishani akaegemea, akasema, "Mama Namba, kwa moyo wako ule, nipitishe, mimi nauliza tu." Akapewa kibao namba sabini na nne.

Jumapili alasiri binti anapiga simu, na mimi huwa nawapitishia mkate, basi nakaribishwa. Simu huegemezwa kwenye kopo la sukari. Fundi anauliza majokofu ya huko yanatumia gesi gani, binti anajibu kila wiki kwamba hajui. Katika simu ya kwanza kabisa alituambia kwamba alipofungua sanduku, nguo zote zilinukia mkate. Alikaa wiki nzima bila kufua sweta moja. Siku hiyo niliporudi nyumbani niliosha kigari, halafu nikajuta kukiosha.

Siku moja akatuonyesha bibi mmoja anayemhudumia, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Hawakuelewana neno hata moja, yeye na Mama Namba. Bibi akasogeza uso mpaka skrini yote ikawa jicho. Mama Namba naye akasogeza wake. Wakatazamana hivyo, kila mmoja anatingisha kichwa, mpaka mtandao ukakata.

Mwaka wa pili binti alikuwa na haki ya likizo. Mama Namba alianza kupiga rangi chumba miezi mitatu kabla, rangi ya krimu, akajaribu pembeni kwanza, akaikataa, akanunua nyingine. Kisha Jumapili moja binti akaanza kuzungumza kwa kuzunguka, na mama yake akamjua.

"Sema tu, mwanangu."

"Wamepungukiwa na wafanyakazi. Wawili wameacha kazi. Wameniomba niahirishe mpaka mwakani. Nimewaambia nitauliza nyumbani."

"Umewaambia utauliza, au umeshakubali?"

"Nimeshakubali, mama. Kuna wazee ambao hawataki kuoshwa na mtu mwingine."

Mama Namba aliikamata ile simu, akaisogeza karibu. "Umefanya vizuri," akasema. Akamuuliza kama anakula, kama dirisha la chumba chake linafunga sawasawa, kama bibi wa nywele nyeupe hajambo. Aliuliza yote hayo akiwa anatabasamu, na tabasamu hilo alilishikilia mpaka simu ilipokatika yenyewe.

Kisha tukakaa. Fundi alijimiminia chai ambayo hakuinywa. Ndani chumba kilichopakwa rangi kilikuwa bado kinanukia.

"Mwakani si mbali," fundi akasema.

"Si mbali," Mama Namba akajibu.

Nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa reli. Akasimama, akachukua beseni, akatoka kwenda kuanua nguo. Mimi na fundi tukatoka tukamsaidia, maana zilikuwa nyingi.